Klima, joto na unyevu katika nyumba ya Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hununua klima (mashine ya kupoza hewa) Lubumbashi kwa hesabu ya Kinshasa au Dar es Salaam, miji ambako joto na unyevu hutembea pamoja. Kwetu havitembei pamoja. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Oktoba jua linachoma lakini hewa bado kavu. Januari na Februari hewa imelowa lakini joto si kali. Juni na Julai usiku baridi hushuka hata chini ya nyuzi 10. Ni shida tatu katika mwaka mmoja, na mashine inayotibu moja inaweza kuichochea nyingine.

Nianze wapi, dukani au nyumbani?

Nyumbani, tena juu ya kichwa chako. Bati tupu lililopigwa na jua la Oktoba hupita nyuzi 60, na joto lake huwashukia watu hata madirisha yote yakiwa wazi. Klima iliyofungwa chini ya bati la namna hiyo hufanya kazi mchana kutwa bila kupumzika na chumba hakipoi. Piga plafo (dari), acha nafasi ya hewa kati yake na bati, kisha tandaza juu ya plafo pamba ya kioo au polistireni yenye unene wa sentimita 5 au zaidi. Toboa matundu ya hewa juu kwenye kuta za pembeni za paa, uyafunike kwa wavu ili popo na panya wasihamie humo.

Dirisha linalotazama magharibi lipewe kivuli cha nje: baraza, mkeka, hata mwembe. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, maana jua likishapita kioo, joto lake limekwisha kuingia.

Kama nyumba ni ya zamani, ya kambi za makampuni, na paa lake ni la fibrosima ya kijivu (mabamba ya saruji na nyuzinyuzi), usilikate wala kulitoboa kwa mashine. Mabamba ya zamani mara nyingi yana asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Fanya kazi yako chini yake, kwenye plafo.

Alfajiri maji yanadondoka kutoka kwenye bati na mvua haikunyesha. Paa linavuja?

Huenda halivuji. Usiku wenye anga safi bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke wa pumzi, wa kupika na wa nguo zilizoanikwa ndani huganda juu yake kuwa matone. Tazama namna yanavyodondoka: paa linalovuja hutoa maji mahali pamoja, kwenye msumari au kwenye maungio, umande wa mvuke huenea bati zima. Dawa yake ni yale matundu ya hewa, na plafo isiyo na mianya inayopitisha mvuke kutoka vyumbani.

Ukuta wa chumba una kuvu. Klima itaiondoa?

Inategemea maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha plastiki cha sentimita 50 kwa 50, kikandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta maji nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya tofali. Ukikuta maji upande wa chumba, unatoka hewani.

Tofali zetu nyingi hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa kienyeji, nazo hunyonya maji kama sifongo. Msingi usiokuwa na plastiki nzito wala lami kati yake na ukuta huyapandisha maji ya ardhini hadi kufikia mita moja juu ya sakafu. Hapo klima unaiachisha kazi kabla haijaanza. Weka mifereji kwenye paa, mwaga kando ya ukuta zege ya upana wa sentimita 60 hadi 80 yenye mteremko wa kuelekea nje, na chimba udongo wa nje uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau. Usikimbilie kuziba ukuta kwa plasta ya saruji ngumu: maji hayatoki, hupanda juu zaidi. Plasta ya chokaa huuacha ukuta upumue.

Kama unyevu ni wa hewani, ondoa nguo zinazokauka ndani, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, na pika mlango wa nje ukiwa wazi. Kuvu yenyewe isugue kwa maji na sabuni, kisha upake maji ya javeli (dawa ya klorini) yaliyopunguzwa makali, madirisha wazi. Javeli usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko hutoa gesi ya sumu.

Nunua kipimaunyevu kidogo, hata cha bei rahisi. Asilimia 50 hadi 60 ni salama. Ikikaa juu ya 70 kwa siku nyingi, kuvu itarudi.

Basi ninunue klima ya aina gani?

Spliti (yenye mashine moja ndani na nyingine nje) ya inverta, yenye baridi na joto. Inverta maana yake kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, jambo linalosaidia umeme wetu dhaifu na unyevu wa Januari kwa pamoja. Ile ya joto itakufaa Juni na Julai bila kununua kitu cha pili.

Usiamini telekomandi (rimoti). Alama ya jua huwepo hata kwenye telekomandi ya mashine isiyoweza kutoa joto, kwa sababu kiwanda hutengeneza telekomandi moja kwa aina zote. Inama usome kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje: lazima kiwe na mistari miwili ya nguvu, mmoja wa baridi na mmoja wa joto. Kikiwa na mmoja tu, ni ya baridi peke yake, hata muuzaji akiapa.

Klima ya magurudumu yenye bomba moja la kutoa hewa dirishani tunaishauri kwa mpangaji tu, asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Hewa inayotupa nje lazima ibadilishwe na nyingine, nayo huingia kwa mianya ya mlango ikiwa ya moto, au imelowa.

Ukubwa gani kwa chumba changu?

Kwa chumba chenye plafo, anza na BTU 600 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kila mita ya mraba. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 ni mita 12, yaani BTU 7,200, chukua 9,000. Saluni (sebule) ya mita 25 ni 15,000, chukua 18,000. Ongeza asilimia 10 hadi 15 kama kuna kioo kikubwa cha magharibi, na BTU 600 kwa kila mtu wa tatu na kuendelea anayekaa humo kwa kawaida.

Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo feni husukuma hewa pungufu na mashine hutoa kidogo chini ya kilichoandikwa. Ile nafasi kati ya 7,200 na 9,000 inatosha kuifidia. Hakuna sababu ya kuruka hadi 18,000 chumbani.

Lakini kubwa si inapoza haraka?

Inapoza haraka mno, na hapo ndipo ubaya wake. Klima hukausha hewa pale tu kompresa inapozunguka, mvuke ukigeuka maji juu ya mapezi baridi ya mashine ya ndani. Januari, nje kukiwa na nyuzi 26, klima kubwa inafikisha nyuzi 24 kwa dakika chache na kuzima. Maji yaliyobaki juu ya mapezi yanarudi hewani. Unalala katika chumba baridi chenye shuka zilizolowa.

Katika siku hizo tumia hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji: feni hupungua, mapezi hubaki baridi muda mrefu, maji hutoka. Usishangae Oktoba bomba la maji likidondosha kidogo sana na Januari likijaza bidoni. Mashine ni ileile. Hewa ndiyo imebadilika.

Kipoza hewa cha maji kinafaa? Ni rahisi na hakili umeme.

Kinafaa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika. Hewa ya nyuzi 33 iliyo kavu, ikipita kwenye pedi iliyolowa, hushuka nyuzi 8 hadi 10, kwa umeme wa wati 100 au 200 tu. Dirisha la upande wa pili liwe wazi, la sivyo chumba kinajaa mvuke. Januari kinashusha nyuzi 2 hivi na kuongeza unyevu kwenye nyumba ambayo tayari imejaa kuvu. Kifungie stoo mvua zikianza, baada ya kumwaga maji na kukausha pedi.

Na baridi ya Juni na Julai?

Chumba cha mita 12 chenye plafo kinahitaji kilowati 1 hivi ya joto usiku ili kukaa kwenye nyuzi 20. Redieta ya mafuta huipata kwa kula kilowati 1 ya umeme, kwa kuwa umeme wote unageuka joto na hakuna zaidi. Klima ya joto huipata kwa theluthi yake, wati 300 hadi 400, kwa sababu haitengenezi joto. Inalikusanya nje na kuliingiza ndani. Baridi yetu ni ndogo kwa mashine hizo. Elekeza mabawa yake chini, maana hewa ya moto hupanda yenyewe, na uyaelekeze juu unapoitumia kupoza.

Kwa mtu mmoja kitandani, blanketi ya umeme ya wati 60 hadi 100 ndiyo hesabu nzuri kuliko zote. Hita ndogo ya waya mwekundu inakula kilowati 1 hadi 2 na ndiyo inayoyeyusha mapriza. Ikibidi, ichomekwe ukutani moja kwa moja, kamwe si kwenye rallonji (waya wa kuongezea).

Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi tunaikataa. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa kilo moja na nusu hivi ya mvuke wa maji, na yote inabaki chumbani.

Mbabula (jiko la makaa) ikishaacha kutoa moshi, si naweza kuiingiza ndani?

Hapana. Hapo ndipo inapoua. Makala (makaa) yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi, hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayelala haamki akaikohoa. Sufuria ya maji juu ya mbabula haisaidii. Maji hayanyonyi gesi hiyo. Dirisha lililofunguliwa kidole kimoja halitoshi.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na hasa watu kadhaa wa chumba kimoja kuugua kwa wakati mmoja. Fungua milango, watoe wote nje, peleka hospitali wakapewe oksijeni, hata aliyesema amepata nafuu. Grupu (jenereta) nayo isikae barazani chini ya dirisha. Gesi ni ileile.

Umeme unapanda na kushuka. Nilinde klima namna gani?

Kinachoua kompresa mara nyingi si giza lenyewe, ni kurudi kwa umeme. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya dakika moja, shinikizo la gesi upande mmoja wa kompresa bado ni kubwa. Mota inajaribu kuanza, inakwama, inavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, na waya zake zinaungua. Weka kinga ya volti yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, inayokata chini ya volti 180 na juu ya 250.

Pima priza yako jioni, watu wote wakiwa wanapika. Ukikuta 170 au chini, klima ya kawaida ya BTU 12,000 inahitaji stabilizateri (kisawazisha volti) ya kVA 5. Ile ya kVA 2 inayouzwa pamoja nayo haitamudu kuanza kwake. Inverta huanza polepole na huvumilia volti pungufu zaidi, ila kadi yake ya elektroniki inaogopa radi na umeme unaoruka ghafla: ongeza kinga ya radi kwenye tablo (ubao mkuu wa umeme).

Waya wa milimita za mraba 2.5 na dijonkta (swichi inayojikata) ya ampea 16 vinatosha hadi BTU 12,000. Kwa 18,000 na 24,000 tumia waya wa 4 na dijonkta ya 20 au 25. Kila klima iwe na laini yake kutoka kwenye tablo. Chuma cha ardhi kizamishwe mita 1.5 hadi 2, mahali panapopata maji ya sinki au ya kuoshea: Agosti udongo wetu umekauka kabisa, na ardhi kavu haipitishi umeme vizuri.

Naweza kuiendesha kwa sola?

Inverta ya 9,000, ndiyo. Ikifanya kazi usiku kwa muda wa saa 8, hula kilowati-saa 3 hivi. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100 hubeba karibu 5, nayo inatosha na kubakiza ya taa. Weka mapaneli ya kilowati 2 angalau, maana msimu wa mvua ndio mawingu yanapokaa. Konvertisa (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) iwe ya kVA 3 au zaidi. Klima isiyo ya inverta kwenye sola ni kuunguza pesa. Ukitumia grupu ya petroli, kumbuka kwa urefu wa mji wetu hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa.

Nitajuaje kama fundi anafunga vizuri?

Msimamie katika jambo moja: pampu ya vakyumu. Kabla ya kufungua gesi, hewa na unyevu ulio ndani ya mabomba lazima vivutwe kwa pampu dakika 20 hadi 30. Kisha pampu inafungwa, na sindano ya saa ya shinikizo inatazamwa dakika 10 au 15. Ikipanda, kuna tundu. Fundi anayefungua gesi kidogo "ili isukume hewa nje" anaacha unyevu ndani, nao ukikutana na mafuta ya kompresa hutengeneza asidi. Klima hiyo itakufa mapema, na lawama zitapewa kiwanda.

Hapa kuna jambo linalowachanganya mafundi waliosomea kwenye vitabu vya pwani. Vitabu vinasema sindano ishuke hadi −1 bari. Lubumbashi haitafika, hata pampu ikiwa mpya: shinikizo la hewa kwetu ni bari 0.88 hivi, kwa hiyo sindano iliyosimama karibu na −0.88 imefika mwisho. Mwenye kipimo cha mikroni ashuke hadi 500.

Mengine yaangalie kwa macho. Mabomba yote mawili yavishwe sifongo nyeusi, kila moja lake. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo. Ya robo inchi haihitaji nguvu ya mkono mzima. Tundu la ukutani literemke kuelekea nje, lizibwe. Mashine ya nje ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani.

Maji yanadondoka ndani, chini ya mashine.

Kwanza bomba la maji. Literemke sentimita 1 au 2 kwa kila mita, lisiwe na mahali pa kupanda, na mwisho wake usizame kwenye ndoo wala matope. Kisha utelezi wa kijani ndani yake: lipulizie kutoka nje, umimine maji ya uvuguvugu. Kama ni barafu inayoyeyuka, zima, safisha filta, ujaribu tena. Ikiganda upya, huenda gesi imepungua.

Fundi anasema gesi ya klima huisha kila mwaka.

Haiishi. Gesi huzunguka, hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, inavuja, na mara nyingi ni kwenye nati za mabomba: paka povu la sabuni utaona mapovu. Azibe kwanza. Soma pia kibatini ni gesi gani. R32 na R410A hazichanganywi, na mashine ya R22 haijazwi nyingine yoyote bila kubadilisha mambo mengi. R32 inaweza kushika moto: asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Nisafishe mara ngapi?

Agosti hadi Oktoba, vumbi jekundu likiwa hewani, osha filta kila wiki mbili. Karibu na barabara ya malori, kila wiki. Miezi mingine, mara moja kwa mwezi. Mapezi ya mashine ya nje yaoshwe kwa maji ya shinikizo dogo mwishoni mwa Agosti, kabla joto halijaanza. Maji ya nguvu huyakunja na kuyaziba.

Ndugu yangu anajenga Bukavu, mwingine yuko Goma. Wafuate ushauri huu?

Wasifuate wote. Miji hiyo iko juu zaidi, kandokando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1,500 hivi, na joto la Oktoba ya Lubumbashi hawalijui. Shida yao ni unyevu na ubaridi wa mwaka mzima. Waweke pesa kwenye msingi, mifereji na uingizaji hewa, kisha mashine ya kukausha hewa ya lita 10 au 12 kwa siku, inayokula wati 200 hadi 250 na kuacha joto kidogo chumbani, ambalo kule halidhuru. Ikiwa watataka klima, iwe ya joto kwanza.

Goma ina mawili yake. Moshi wa volkano una asidi inayokula mapezi ya aluminiamu, kwa hiyo wachague mashine ya nje yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga na waioshe mara nyingi zaidi. Na wasichimbe chumba cha chini ya ardhi mahali penye mazuku: hewa ukaa inayotoka ardhini ni nzito, hukaa shimoni, na feni ya kawaida haiiondoi.